Fleming alituachia dawa na onyo, tukachukua dawa

Mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anayesoma biolojia hulijua jina la Alexander Fleming. Hulijua kwa sababu ya kisa kimoja kifupi: daktari alikwenda likizo akaacha visahani vyake vya maabara bila kuvisafisha, akarudi na kukuta ukungu umeota na kuwaua bakteria, basi penisilini ikapatikana. Mwalimu hukisimulia kisa hicho kwa dakika tano, akafuta ubao, na darasa likaendelea na mada nyingine.

Ninaandika makala haya kwa sababu ninaamini kwamba kisa hicho, ingawa ni cha kweli, ni nusu tu ya maisha ya mtu huyo, tena ni ile nusu isiyotufaa sana leo. Nusu ya pili, ambayo aghalabu haifundishwi, inahusu vidonda vilivyooza ndani ya hospitali na onyo alilolitoa Fleming alipokuwa kwenye kilele cha sifa zake. Nusu hiyo inawahusu wakazi wa Bungoma na Kitale kuliko ile ya kwanza.

Huenda msomaji akashangaa mwanaisimu anatafuta nini katika mambo ya madaktari. Jibu litajitokeza mbele, kwani namna wataalamu wa leo wanavyowafuatilia bakteria sugu inafanana mno na namna sisi tunavyofuatilia nasaba za lugha.

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, kusini-magharibi mwa Uskoti. Baba yake, Hugh, alikuwa mkulima aliyeoa mara ya pili akiwa mtu mzima sana, na alifariki Alexander alipokuwa na umri wa miaka saba. Mama yake, Grace, alibaki na watoto wa kulea na mifugo ya kutunza. Watoto hao walitembea kwa miguu kwenda shuleni katika baridi na upepo, maisha ambayo mwana wa mkulima kwenye miteremko ya Mlima Elgon hahitaji kuelezwa mara mbili.

Akiwa bado mvulana, alipelekwa London kwa kaka yake aliyekuwa daktari. Alisoma huko kwa muda, kisha akaajiriwa kuwa karani katika kampuni ya meli. Alifanya kazi hiyo kwa miaka minne bila kuipenda. Ndipo mjomba mmoja alipofariki na kumwachia urithi mdogo, naye akautumia kulipia masomo ya udaktari. Mwaka 1901 alijiunga na chuo cha Hospitali ya St Mary's jijini London, na mwaka 1906 akafuzu.

Hata kubaki kwake St Mary's kulitokana na jambo dogo. Fleming alikuwa hodari wa kulenga shabaha, na wenzake katika chama cha bunduki cha hospitali hawakutaka kumpoteza, basi wakamtafutia nafasi katika maabara ya Almroth Wright, mtaalamu mashuhuri wa chanjo. Aliingia humo mwaka 1906, na St Mary's ndiyo iliyobaki makao ya kazi yake maisha yake yote.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Wright na wasaidizi wake walipelekwa Ufaransa. Maabara yao iliwekwa katika mji wa Boulogne, ndani ya jengo lililokuwa jumba la kamari. Majeruhi waliletwa kwa maelfu, na wengi waliokufa hawakuuawa na risasi yenyewe. Waliuawa na uozo ulioingia katika vidonda vyao.

Madaktari wa wakati huo waliamini kwamba dawa kali za kuua vijidudu zikimiminwa kidondani zitakisafisha. Fleming hakuridhika. Alichukua mrija wa kioo, akauyeyusha na kuuvuta hapa na pale hadi ukawa na vishimo na pembe nyingi, mfano wa kidonda kilichoraruliwa na chuma. Aliujaza majimaji yenye bakteria, akayamwaga, akatia dawa kali, kisha akaimwaga nayo na kutia majimaji safi. Baada ya muda majimaji yale yalijaa bakteria tena. Dawa haikufika katika vishimo. Zaidi ya hayo, alionyesha kwamba dawa hizo ziliziua chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili wenyewe, upesi kuliko zilivyowaua bakteria.

Kuna jambo jingine alilolibaini huko Ufaransa, na hili ndilo ninalotaka mwalimu alitilie mkazo. Katika kuchunguza vidonda tangu siku majeruhi alipofika na kuendelea, Fleming aliona kwamba bakteria waitwao streptokoki waliingia katika vidonda vingi baada ya mgonjwa kulazwa. Wodi yenyewe iliwaambukiza. Mahali pa kuponea palikuwa pia mahali pa kuambukizwa.

Basi miaka kumi kabla ya penisilini, mtu huyu alikuwa tayari amelitambua tatizo tunaloliita leo maambukizi ya hospitalini. Matokeo yake yalichapishwa, lakini wapasuaji wengi waliendelea na mazoea yao.

Aliporudi London alikuwa na swali moja moyoni: je, kuna kitu kinachoweza kuwaua bakteria bila kumdhuru mwenye mwili? Jibu la kwanza alilipata katika kamasi zake mwenyewe alipokuwa na mafua. Aliona kwamba ziliyeyusha bakteria wa aina fulani. Mwaka 1922 alitangaza habari za kimeng'enya hicho, ambacho kiko pia katika machozi na mate, kikaitwa laisozimu. Kwa bahati mbaya, kilikuwa na nguvu kidogo dhidi ya bakteria wanaoleta maradhi makubwa.

Kwa hiyo, Septemba 1928, alipotoka likizo na kukiona kile kisahani maarufu, hakuwa mtu aliyeangukiwa na bahati akiwa amelala. Katika kisahani hicho alikuwa ameotesha stafilokoki, bakteria wa majipu na vidonda. Ukungu ulikuwa umeota pembeni, na stafilokoki waliokuwa karibu nao walikuwa wametoweka. Mtu mwingine angekitupa. Fleming alikuwa ametumia zaidi ya miaka kumi akitafuta jambo la namna ile ile, hivyo macho yake yalikuwa yamefunzwa kuliona.

Mwaka 1929 alichapisha makala kuhusu maji ya ukungu huo, akiyaita penisilini. Makala hayo hayakuvuta watu wengi. Penisilini iliharibika upesi, na Fleming hakuwa mwanakemia wa kuweza kuisafisha. Matumizi aliyoyasisitiza hata katika kichwa cha makala yake yalikuwa ya kimaabara: penisilini iliua bakteria wengine na kuacha wale waliojulikana kama bakteria wa homa ya mafua, basi ilimfaa mtaalamu aliyetaka kuwaotesha hao peke yao. Msomaji alikumbuke jina la bakteria hao, maana nitawarudia.

Zaidi ya miaka kumi ilipita. Huko Oxford, Howard Florey na Ernst Chain, pamoja na Norman Heatley aliyekuwa na ujuzi mkubwa wa kubuni vifaa, waliichukua kazi hiyo upya. Mei 1940 waliwaambukiza panya wanane streptokoki, wakawapa wanne penisilini. Wanne hao walinusurika, na wale wengine wakafa. Februari 1941 walimtibu askari polisi mmoja aliyekuwa mahututi. Alianza kupata nafuu ya ajabu, lakini dawa iliyokuwapo ulimwenguni kote ilikuwa kidogo mno. Waliikusanya hata kutoka katika mkojo wake wakamrudishia, ikaisha, naye akafa.

Kisa cha askari huyo chafaa kukumbukwa na kila atupaye vidonge vilivyobaki. Kuna mtu aliyekufa kwa kukosa kile ambacho sisi hukitupa katika droo.

Marekani iliingia katika utengenezaji, na kufikia mwaka 1944 dawa ilikuwa ikipatikana kwa wingi kwa ajili ya majeshi. Fleming alipewa cheo cha heshima na Mfalme wa Uingereza mwaka huo. Mwaka 1945 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain. Magazeti yalimsifu yeye kuliko wenzake, na haki inatudai tuseme kwamba bila watu wa Oxford ukungu ule ungebaki kuwa kioja cha maabara.

Desemba 1945, huko Stockholm, ndipo alipotoa onyo lake. Mtu mwingine angetumia hotuba hiyo kujipongeza. Fleming alieleza jinsi ilivyo rahisi kuwafanya bakteria wawe sugu katika maabara: wape dawa kidogo isiyotosha kuwaua. Kisha akatunga hadithi ya mtu mmoja anayeumwa koo, anayejinunulia penisilini na kumeza kiasi kisichotosha. Bakteria wake hawafi, bali wanajifunza kuistahimili. Anamwambukiza mke wake, mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, na dawa inashindwa kufanya kazi. Mke anafariki, na Fleming akauliza ni nani aliyemwua. Jibu lake lilimwelekea yule mume aliyechezea dawa.

Ndugu msomaji, hadithi hiyo ilitungwa mwaka 1945 na mtu ambaye, nijuavyo mimi, hakuwahi kulipitia soko la Chwele wala kusimama mbele ya duka la dawa mjini Kitale. Hata hivyo, lau angeandikiwa leo atunge mchezo wa kuigiza kuhusu maisha yetu, sidhani angebadilisha mengi.

Onyo hilo halikuchukua muda kutimia. Ukweli ni kwamba tangu mwaka 1940 Chain na mwenzake walikuwa wamekwisha kugundua bakteria wenye kimeng'enya cha kuikatakata penisilini, hata kabla dawa hiyo haijaanza kutumiwa hospitalini. Katika hospitali moja ya London, kufikia mwaka 1948, zaidi ya nusu ya stafilokoki waliopimwa walikuwa hawasikii penisilini. Fleming alikuwa hai akiyaona hayo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 11 Machi 1955, akazikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's jijini London.

Miaka michache baada ya kifo chake wanakemia walitengeneza methisilini, dawa iliyokusudiwa kuwashinda stafilokoki hao. Ilianza kutumiwa karibu na mwaka 1960, na mwaka 1961 habari za stafilokoki walioishinda zikachapishwa nchini Uingereza. Tangu hapo imekuwa kama mchezo wa paka na panya, isipokuwa kwamba panya anazaa kila nusu saa, ilhali paka anahitaji miaka mingi na fedha nyingi kuzaa mara moja.

Sasa nifike katika uwanja wangu. Neno tunalolitumia, usugu, ni neno zuri kuliko wengi wanavyodhani. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mwenye kushika jembe, au mguuni mwa mwenye kutembea pekupeku. Haitokei kwa siku moja. Hutokana na kusuguliwa mara nyingi kwa nguvu isiyotosha kujeruhi. Hiyo ndiyo maana halisi ya jambo alilolieleza Fleming, na Kiswahili kililihifadhi ndani ya neno moja kabla ya maabara kuwepo.

Lakini pana tofauti moja ambayo mwalimu hana budi kuieleza. Kiganja ni kile kile kinachogeuka kuwa kigumu, ilhali bakteria mmoja mmoja hawawi wagumu hivyo. Kinachotokea ni kwamba wachache waliokuwa na kasoro ya bahati katika maandishi yao ya urithi hubaki hai wenzao wanapokufa, na hao wachache ndio wanaozaa.

Nimesema maandishi kwa makusudi. Urithi wa kila kiumbe umeandikwa kwa herufi nne tu za kikemia. Mkusanyiko mzima wa herufi hizo huitwa jenomu. Bakteria aitwaye klebsiela, ambaye ni miongoni mwa wasumbufu wakubwa katika wodi za watoto wachanga, ana herufi zaidi ya milioni 5. Kusoma jenomu ni kuzipanga herufi hizo zote kwa utaratibu wake, tangu mwanzo hadi mwisho. Kiumbe wa kwanza mwenye kujitegemea kusomwa kikamilifu alikuwa bakteria, mwaka 1995, na bakteria huyo ni yule yule wa homa ya mafua aliyetajwa katika kichwa cha makala ya Fleming ya mwaka 1929.

Kusoma jenomu kunasaidiaje hospitali? Mwanafunzi wa isimu ataelewa mara moja. Mtu huitwa mtu kwa Kiswahili, omundu kwa Lubukusu na Luwanga, na mundu kwa Lulogooli. Wengi wao ni watu kwa Kiswahili, babandu kwa Lubukusu, abandu kwa Luwanga, na vandu kwa Lulogooli. Kwa kulinganisha maneno kama hayo, herufi kwa herufi, tunaweza kuonyesha ni lugha zipi zilizo ndugu wa karibu na zipi ni binamu wa mbali, hata kama hakuna aliyeandika historia yao.

Mchunguzi wa miswada ya kale hufanya vivyo hivyo. Akikuta nakala mbili za utenzi mmoja zenye makosa yale yale ya mwandishi, anajua kwamba zimetokana na nakala moja.

Bakteria nao hunakili maandishi yao kila wanapogawanyika, na kila baada ya muda hukosea herufi. Watoto wawili wakiugua katika wodi moja, na jenomu za bakteria wao zikatofautiana kwa herufi chache tu, basi maambukizi yamepita kutoka kitanda hadi kitanda, au yametoka katika chanzo kimoja. Zikitofautiana kwa maelfu ya herufi, kila mmoja ameugua kivyake. Habari hizo hazipatikani kwa hadubini, maana mbele ya hadubini bakteria hao wote wanafanana kama pacha.

Mfano ulio maarufu ulitokea Cambridge, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2012. Watoto 12 katika wodi ya wachanga walikuwa wamekutwa na stafilokoki sugu katika kipindi cha miezi sita, na kwa njia za kawaida haikuwezekana kuthibitisha kwamba wana uhusiano. Jenomu zilipolinganishwa, ilibainika kwamba ni ukoo mmoja. Kisha zikapita siku 64 bila mgonjwa mpya, na wodi ikasafishwa kwa uangalifu, halafu akatokea mtoto mwingine mwenye bakteria wa ukoo ule ule. Wafanyakazi 154 walipimwa. Mmoja wao, ambaye hakuwa mgonjwa, alikuwa amewabeba bakteria hao bila kujua. Alitibiwa.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kusoma jenomu za klebsiela 198 waliopatikana katika wagonjwa wa Hospitali ya Kilifi, kwenye pwani yetu, kwa kipindi kilichozidi mwaka kumi. Asilimia 79 ya bakteria hao walikuwa sugu kwa angalau makundi matatu ya dawa. Zaidi ya nusu walikuwa na jeni za kuvunja hata zile dawa zenye nguvu ambazo madaktari hukimbilia penisilini inaposhindwa.

Kuna jambo jingine lililoonekana Kilifi ambalo lilinivutia kitaaluma. Sampuli 25 zilikuwa na pete ndogo ya maandishi ya urithi iliyofanana na pete zinazojulikana kubeba usugu dhidi ya dawa za akiba, zile zinazowekwa kwa ajili ya siku ya mwisho. Jeni yenyewe ya usugu huo haikuwamo, lakini gari la kuibeba lilikuwa limefika. Pete kama hizo hupita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wasio wa ukoo mmoja.

Sisi wanaisimu tunalijua jambo hilo kwa jina la ukopaji. Kiswahili kilirithi neno mtu kutoka kwa mababu wa Kibantu, lakini kilikopa dawa kutoka Kiarabu na daktari kutoka Kiingereza. Ndivyo ilivyo kwa bakteria: wapo wanaorithi usugu, na wapo wanaoukopa kwa jirani. Kwa sababu hiyo haifai mtu aseme kwamba vidonge alivyochezea vinamhusu yeye na koo lake tu.

Sasa tuje nyumbani. Kazi ya kuchunguza lahaja hunipeleka mara kwa mara katika barabara ya kutoka Bungoma kupitia Kimilili na Kiminini hadi Kitale. Nimejizoeza kusikiliza jinsi watu wanavyosema wanapopanga foleni, na maduka ya dawa ni mahali pazuri pa kusikiliza. Mambo mawili yamenishtua.

La kwanza ni kwamba wanunuzi wengi hawaitaji dawa kwa jina lake wala ugonjwa kwa dalili zake. Wanataja bei. Mtu huomba vidonge vya shilingi fulani, au kapsuli za rangi fulani, naye muuzaji humhesabia nne au sita kulingana na sarafu zilizowekwa mezani. Kiasi cha dawa kinaamuliwa na mfuko wa mnunuzi, kama vile anavyopimiwa sukari.

La pili ni ile bahasha ndogo ambamo vidonge hutiwa. Juu yake huandikwa kwa kalamu moja, alama ya mara, na tatu. Mnunuzi anaambiwa ameze kimoja mara tatu kwa siku, lakini idadi ya siku mara nyingi haiandikwi. Kama sentensi, maandishi hayo yamekosa sehemu muhimu kuliko zote. Kisa cha yule mume wa hadithi ya Fleming kimejificha katika neno hilo lisiloandikwa.

Sheria ya nchi hairuhusu dawa hizi ziuzwe bila cheti cha daktari. Sheria hiyo ipo kwa miaka mingi. Aidha, serikali ilitoa mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017. Lakini sitaki kuwatwika wauzaji mzigo wote. Mama aliyetoka kijijini, mwenye mtoto anayeharisha na nauli ya kurudi tu, hakwenda dukani kwa kupenda. Alipiga hesabu ya foleni ya hospitali, ya vipimo na ya siku ya kibarua atakayoikosa. Anayetaka mama huyo afuate masharti ya Fleming hana budi kumpa hospitali anayoweza kuimudu.

Hapa pia inafaa tumkosoe Fleming kidogo, kwa heshima zake. Yeye aliogopa zaidi dawa iliyopungua. Leo inajulikana kwamba dawa isiyohitajika nayo huzaa usugu. Anayemeza viuavijasumu kutibu mafua, ambayo huletwa na virusi, haponi mafua yake, bali huwapa bakteria waliomo tumboni mwake mazoezi ya bure. Mfugaji anayewapa kuku wazima dawa hizo kila wiki ili wasiugue anafanya vivyo hivyo. Zaidi ya hayo, streptokoki wa koo aliowatumia Fleming katika hadithi yake hawajaishinda penisilini hadi leo. Wengine ndio walioishinda. Alikosea mfano, lakini hakukosea kanuni.

Idadi ya waathiriwa si ndogo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 ulimwenguni walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa, na kusini mwa Jangwa la Sahara ndiko mzigo ulikokuwa mzito zaidi. Miongoni mwao ni watoto wachanga, ambao hawajawahi kununua kidonge hata kimoja.

Je, tufanyeje? Wapo watakaosema kwamba mashine za kusoma jenomu ziletwe katika kila kaunti. Sipingi. Wakati wa janga la Covid-19, kuanzia mwaka 2020, wataalamu wetu wa Kilifi na Nairobi walisoma jenomu za virusi hapa hapa nchini, kwa hiyo ujuzi tunao. Lakini mashine inayosoma jenomu haimtibu mtu. Kabla ya kusoma, lazima bakteria waoteshwe, na ili waoteshwe lazima damu ya mgonjwa ichukuliwe kabla ya dawa kutolewa, ipelekwe katika maabara iliyo na vifaa na mtaalamu. Ngazi hiyo ya chini ikikosekana, ya juu haina pa kusimama. Na hata ukoo wa bakteria ukijulikana, bado muuguzi atahitaji maji ya bomba na sabuni ili asiuhamishe kutoka kitanda hadi kitanda. Mambo ya Boulogne hayajapitwa na wakati.

Kwa walimu nina ombi mahususi. Mnapomfundisha Fleming, msimwache mwaka 1928. Mfikisheni mwaka 1945. Wapeni wanafunzi hadithi ya yule mume na mke waiigize, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, mbele ya wazazi siku ya mkutano wa shule. Waambieni wachunguze bahasha za dawa zilizoko nyumbani kwao na kuandika ni ngapi zinazotaja idadi ya siku. Huo ni utafiti ambao hauhitaji maabara, na matokeo yake yatawafaa hata maafisa wa afya.

Kwa wanafunzi wa vyuo vyetu vya magharibi ya Kenya, hasa wa Kiswahili, ombi langu ni kwamba msiyaache maneno ya tiba yabuniwe na watu wa Nairobi peke yao. Mgonjwa wa Sirisia au wa Endebess anahitaji maelezo kamili ya dawa yake katika lugha anayoielewa: ni dawa ya nini, ameze lini, aache lini, na arudi lini kama hapati nafuu. Maelezo hayo manne yanaweza kuchapishwa juu ya bahasha kwa gharama ndogo sana.

Mwaka 2020 wataalamu wa London na Oxford waliutoa katika barafu ukungu wa Fleming mwenyewe, uliohifadhiwa kwa miongo mingi, wakausoma jenomu yake na kuulinganisha na ule unaotumiwa viwandani Marekani. Waliona kwamba jeni zinazotengeneza penisilini zinatofautiana kidogo baina ya koo hizo mbili. Huenda tofauti hizo zikafundisha njia mpya za kuunda dawa. Hiyo ni habari njema, lakini dawa mpya ikija na kuuzwa kwa bei ya sarafu, ikatiwa katika bahasha isiyo na idadi ya siku, nayo itapata sugu kama zilizotangulia. Wahenga walikwisha kusema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ufa huu tulionyeshwa mwaka 1945.